Mtungi wa Mama Yako Kwenye Mstari wa Kura

Kakuma, Jumapili, mwaka wa ishirini na sita tangu tuondoke Uvira.

Binti yangu Riziki,

Nimeisoma sheria yenu mpya yote, hata vifungu vya mwisho ambavyo wengi huviruka. Zamani, katika jimbo lako huko ng'ambo, aliyetaka kupiga kura kwa posta alipaswa kutoa sababu na kuithibitisha: ugonjwa, safari, ulemavu. Sasa kila mpiga kura aliyeandikishwa anaweza kuletewa karatasi yake nyumbani, na bahasha ya kuirudisha imekwisha kulipiwa stempu. Niliposoma hivyo nilijua jambo hili lilianzia wapi.

Unakumbuka siku ya kumchagua kiongozi wa bloku yetu hapa kambini? Ulikuwa darasa la tatu. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Kila mtu alisimama nyuma ya mgombea wake, kisha watu wakahesabiwa. Mama yako alikuwa kitandani, miguu imevimba, na alimtaka yule mama jirani aliyeahidi kutupigania tupate bomba la pili. Akakwambia, "Chukua bidoni yangu, uisimamishe nyuma yake. Waambie ni mimi."

Hakuwa akitania. Bombani, mtungi huo wa plastiki ulimshikia mwenyewe nafasi tangu alfajiri, na hakuna aliyethubutu kuuruka. Kwa nini usimshikie na hapa? Ukaubeba ule mtungi wa njano wenye jina lake kwa rangi nyekundu, ukauweka katikati ya watu wazima.

Watu walicheka. "Huyu mpiga kura hata kofia anayo!" akasema mmoja, akigonga kifuniko. Msimamizi akausukuma nje kwa mguu.

"Mtungi hauna akili. Mwenyewe aje."

"Mwenyewe ana akili," ukamjibu. "Hana miguu tu."

Sasa wakamcheka msimamizi. Hata hivyo mtungi haukuhesabiwa, na mama jirani akashindwa. Mama yako aliposikia jibu lako alicheka mpaka akakohoa. "Lakini hawakunihesabu," akasema.

Sikujua kwamba ulipopanda ndege uliondoka na maneno hayo.

Uliponipigia simu ya video nilikuwa Lodwar, kwenye benchi la kliniki ya macho. Ulikuwa umetoka kuzungumza mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Uliwaeleza juu ya wazee unaowahudumia, wasioweza kushuka ngazi siku ya uchaguzi. Mjumbe mmoja akakuuliza ugumu uko wapi wa kupata hati ya daktari, ndipo ukawasimulia habari ya mtungi. "Papa, hawakucheka," ukaniambia.

Mama mmoja wa Kataboi, jirani yangu kwenye benchi, alikuwa ameshasogeza kichwa kwenye simu.

"Mzee, huyo ni mtoto yako? Ameongea na wabunge?"

"Ni wangu."

"Ejok! Vizuri sana! Basi mwambie akuje Kataboi. Sisi kura tunafuata kwa miguu, na hiyo posta hata mbuzi yetu haijaiona."

Benchi zima likacheka. Daktari aliponiita, akauliza kama mimi ndiye baba wa yule wa kura. Nikasimama wima kuliko ninavyoweza.

Sheria imepita, na wiki hii umenitumia picha ya bahasha yako mezani, sahihi yako ikiwa nje, kikombe cha chai kando. Hukusema umemchagua nani, nami sikuuliza. Nilikwenda makaburini na simu yangu, nikamsomea mama yako kile kifungu cha bahasha, polepole, kama alivyopenda kusomewa.

Kila mara unaniuliza kama bado ninasubiri Uvira itulie. Nilisubiri kwa sababu niliamini mtu huhesabiwa kwao tu, tena akiwa amefika mwenyewe. Sikuwahi kukuambia kwamba imani hiyo ndiyo iliyonifanya nikatae kupanda hata mche mmoja mlangoni hapa. Sasa mama yako amehesabiwa, mbali na kwao, bila kutembea hatua moja, kwa mkono wa mtoto aliyemzaa. Mwarobaini nimeupanda jana. Ninaumwagilia kwa mtungi ule ule wa njano; jina limefifia, lakini linasomeka.

Endelea kupiga kura, mwanangu, na usalimie wazee wako. Mimi sitarudi Uvira.

Papa yako