Glavu Zilizoanikwa Mwezi wa Saba

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi naitwa Marlou, nipo hapa Limburg, kusini mwa Uholanzi, na kwa familia yetu yote, kiangazi na kipupwe, Jumapili ni ya kwenda kuteleza kwa mbao za miguuni kwenye ukumbi wenye theluji ya kutengenezwa mwaka mzima, na aliyetuanzishia ni baba mkwe wangu, Sjeng, mzee aliyechimba makaa ujanani, na ukumbi wenyewe umejengwa juu ya kilima cha kifusi cha mgodi wake, ndiyo maana husema, "Nimekaa sana chini ya kilima hiki, sasa niacheni nikae juu yake."

Lakini macho yake yamefifia, na mwezi wa nne alimgonga binti wa watu pale ukumbini wakaanguka wote wawili, hawakuumia, ila mume wangu Huub akasema basi, Baba asiteleze tena, na kumwambia akaniachia mimi, nami nikashindwa, nikamwambia ukumbi umefungwa, wanabadilisha theluji. Sisi tukaendelea kwenda kimyakimya, na tukimaliza tunakunywa supu ya njegere kwenye dirisha la ukumbi, kama tulivyozoea tukiwa naye. Jumapili moja ya mwezi wa saba, jua kali, nikaanika glavu na soksi za sufu zilizolowa theluji kwenye kamba kama kawaida yangu, akaingia kwa mlango wa nyuma na pai ya cheri mkononi. Akaishika glavu yangu. "Mkwe wangu," akasema, "mvua imenyesha ya glavu tu?" Akaiweka pai mezani akaondoka. Tangu siku hiyo haji, na nikipiga simu ananijibu, "Nipo," anakata. Fenne, kitinda mimba wetu, ametimiza miaka mitano, umri ambao Babu aliwafundisha kaka zake wote, na kila siku ananiuliza nani atamshika mkono. Nampenda mzee huyu kama baba aliyenizaa. Nifanyeje?

Marlou, pole. Uliogopa asivunjike mfupa, na hofu hiyo ni mapenzi. Lakini umemficha mtu mzima kama mtoto anayefichwa peremende, na njia ya mwongo ni fupi, yako imeishia kwenye kamba ya nguo. Unadhani kilichomuuma ni kuteleza? Kilichomuuma ni kwamba mlikunywa supu ya njegere pale dirishani bila yeye, mkarudi mkicheka.

Sasa sikiliza. Simu weka chini. Nenda kwake kwa mlango wa nyuma, kama yeye anavyokuja kwako, na Huub aende nawe, aache kujificha nyuma ya sketi yako. Mwambieni ukweli wote: macho, yule binti, uongo. Mwambieni mteremko mkubwa basi, mpaka daktari wa macho aseme vingine. Atakasirika. Mwacheni akasirike, kaeni, msimkimbie.

Hasira ikimshuka, mwambie Fenne anamsubiri kwenye kimteremko cha watoto hapo ukumbini, chenye mkanda unaotembea wa kuwapandisha juu. Pale hakuna mbio, na mtoto wa miaka mitano hahitaji mwalimu anayeona mbali, anahitaji mkono usiomwachia.

Mkirudi nyumbani kutoka ukumbini, anika glavu za mzee katikati ya zenu, mahali ambapo yeye mwenyewe, akiingia kwa mlango wa nyuma, atazigusa kwanza.