Tairi Kubwa za Mwandu

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimepata kazi! 

Nesi Harieth wa zahanati ya misheni alikuja dukani, akashikashika vitenge, kumbe hakutaka vitenge. Gari lao limekufa injini. Wanahitaji pikapu ya kuwapeleka kliniki ya mkoba, kupita Mwandoya, ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi, kila mwezi mpaka mvua ziishe. Watoto wa huko hawajachanjwa tangu kabla ya Krismasi. Safari ya kwanza Alhamisi ya tarehe 13. Tukifika, kazi ni yangu. Tukishindwa, watatafuta mwingine. Aliniambia kwa upole, lakini aliniambia.

Jioni nilifunua turubai. Hilux ya Mwandu. Yaani yetu — duka langu liliinunua, yeye akaiendesha. Mdogo wangu huyu ndiye aliyenifundisha gari kwenye uwanja wa jineri, kiwanda cha pamba, na kila nilipolizima alisema, "Dada, linakuogopa." Limelala tangu Julai, tulipomzika. Jirani akanibusti betri kwa waya za gari lake, likawaka mara ya tatu. Redio nayo ikalia palepale alipoiacha, sauti juu kabisa. Nililia kidogo, halafu nikacheka.

Tairi zimekwisha. Vipara vinne. Lazima mpya.

Na pale kwenye kibao cha kukinga jua picha yake bado ipo — pikapu yenye tairi kubwa, aliikata kwenye kalenda. Miaka minne aliniomba tairi kubwa. Miaka minne nilimjibu kwamba gari letu si la maonyesho.

Jumatatu, 3 Machi

Kwa Marcelo, fundi tairi wa karibu na stendi. Aliegemeza mbili ukutani. Nyembamba, upana 205, ndiyo gari lilizaliwa nayo. Nene, 265, inanipita goti. Nilishindwa kuacha kuigusa! Meno yake kama vidole.

Marcelo ni mtu wa taratibu. Akanieleza kwamba nyembamba inakata tope mpaka ikute udongo mgumu chini. Kubwa inaelea juu, na inanyanyua tumbo la gari lisigonge visiki. Kwenye mchanga wa mto, kubwa haina mpinzani. Kwenye mbuga — hapo akasita. Udongo mweusi unanata. Kubwa inabanana ndani ya madigadi, yale mabati yanayofunika tairi, na tope likijaa pale halitoki. Yeye angenifungia nyembamba.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wanasubiri pancha wakaingilia. Mmoja akasema nikiweka nyembamba nitaonekana nimebeba mayai. Mwingine: "Maza, weka kubwa, hata ng'ombe wakupishe." Marcelo akamwambia kwanza akanunue tairi ya nyuma ya pikipiki yake, ndipo atoe ushauri.

Niliondoka bila kununua. Njia nzima natabasamu peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima kwa kamba. Nimepima tena. Kubwa inaingia — lakini kidole hakipiti.

Nilipoinama ndani ya madigadi ya mbele nikaona mistari ya rangi ya njano, kulia na kushoto, imepinda kufuata ukingo. Ni ile rangi aliyopaka geti letu. Labda Mwandu alikuwa anajaribu brashi. Alichorachora kila kitu, hata ndoo ya maji ina sura ya mtu.

Nimemkumbuka akiwa na miaka sita. Wenzake walisukuma ringi za baiskeli. Yeye akaokota tairi la trekta kule jineri, akalisukuma kwa kichwa. Lilikwenda hatua mbili, likamlalia. Nilipomtoa hakulia. Aliuliza kama nimeliona lilivyozunguka.

Akili inasema nyembamba. Nalala na nyembamba, naamka na kubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Kubwa!

Nimeziweka. Zote nne. Marcelo alizungusha usukani mpaka mwisho, tairi likakwangua bati — krrr. Akasema hapa dawa ni moja, tukate ukingo wa madigadi, nusu saa tu. Nikakataa. Akarudia kwa adabu. Nikamwambia, "Gari la marehemu silikati." Marcelo alivua kofia, akaendelea kukaza nati. Pale kwetu ukishasema neno marehemu, hakuna anayebishana na wewe. Nilijua hilo nilipolisema.

Basi sitakunja usukani mpaka mwisho. Ni hivyo tu.

Lakini kuendesha! Niko juu. Naona paa za maduka, naona pamba nyuma ya michongoma. Nilipita mtaa wa Somanda polepole kama bibi harusi. Nyumbani, Mama alitoka na mwiko mkononi. Alizunguka gari lote, akagusa kila tairi, akaniuliza kwa Kisukuma kama Mwandu ameziona. Nikasema ndiyo, ameziona. Akarudi kwenye ugali wake.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu jana. Usukani mzito, mikono inauma, mafuta yanakwenda. Bado nafurahi kama mjinga.

Jumatano, 12 Machi

Harieth amepiga simu. Mwenyekiti wa kijiji ametangaza, akina mama watakusanyika kwenye banda la kupimia pamba. Barafu ya kasha la chanjo inashika mpaka saa tisa alasiri, si zaidi. Nikamwambia tutakuwa huko saa nne, tunakunywa uji.

Kila kitu tayari. Jeki, kamba, koleo, sanduku la vifaa la Mwandu ambalo sijalifungua. Nilinusa kufuli lake tu. Linanuka grisi na sabuni ya magadi, kama yeye.

Alhamisi, 13 Machi

Saa mbili asubuhi, baada ya mto. TUMEPITA! Nilipunguza upepo wa tairi kama Mwandu alivyonifundisha, nikaingia gia ndogo. Mchanga wote ule, maji mpaka nusu ya mlango, na gari likapita kama limetandikiwa mkeka. Lori la mahindi limekwama tangu jana, dereva wake alitupigia makofi. Harieth, ambaye kwao ni Bukoba na hasifii ovyo, alisema tairi hizi zimesoma. Nilimpigia Mwandu honi. Mbili fupi, moja ndefu, kama alivyokuwa akipiga anapofika nyumbani.

Saa tano na nusu. Ndani ya mbuga. Tumesimama.

Hatujazama, na hilo ndilo linaloniuma. Tairi ziko juu, tumbo haligusi. Tope limejaa ndani ya madigadi ya mbele, limebanwa kati ya bati na tairi kama ugali ulioganda sufuriani. Nikikanyaga mafuta, tairi za nyuma zinazunguka, za mbele zimefungwa kabisa. Tunachokoa kwa koleo. Tunasogea urefu wa kitanda. Linajaa tena. Tumefanya hivyo mara tisa. Marcelo alisema. Alisema wazi kabisa.

Banda la pamba tunaliona! Kanga zao naziona, nyekundu na njano. Labda kilomita mbili. Wao pia wanatuona, nadhani.

Harieth amefungua kasha tena. Anaangalia kipimajoto cha kasha, anafunika.

Saa saba kasoro. Mzee Salu amekuja na jozi mbili za ng'ombe, ametumwa na mwenyekiti. Tulisalimiana vizuri, mpaka habari za mifugo na za nyumbani, huku nimesimama na tope mpaka magotini. Halafu akazunguka gari. Akainama, akaingiza fimbo kati ya bati na tairi, haikupita.

"Mayu, mama yangu, gurudumu halizunguki. Hili sasa ni nyumba. Ng'ombe hawavuti nyumba."

Nikamuuliza afanyeje mtu. Akasema mkokoteni wake ulipomfanyia hivyo alikata ubao. Akauliza kwa nini bati hili limeachwa refu namna hii. Nikafungua mdomo niseme ni la marehemu. Sikusema. Harieth alikuwa amekumbatia kasha kama mtoto.

Nikachokoa tope la kulia kwa mkono, nikalifuta bati kwa kanga yangu ili nione angalau linakwangua wapi. Ukatokea mstari wa njano.

Nimeuangalia muda mrefu. Umepita vidole vitatu juu ya ukingo, sawasawa na pale tairi linapogusa. Nyuma unashuka, mbele unashuka, unaishia kwenye skrubu ya chini. Hakuwa anajaribu brashi.

Nikafungua sanduku lake. Msumeno wa kukatia chuma ulikuwa juu ya vyote, umefungwa kwenye gazeti, na blade mpya haijatumika.

Saa saba na nusu. Kulia kumekwisha! Bati lilipodondoka Mzee Salu alilipiga teke, akalichokoa tope, akatikisa tairi kwa mikono, na fimbo ikapita yote. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyejua. Nikamwambia mdogo wangu alikuwa fundi. Akauliza yuko wapi siku hizi. Nikasema alikuwa. Akavua kofia yake, akairudisha.

Sasa kushoto. Nimefika katikati, namwachia Harieth msumeno kidogo, mikono yangu imekufa ganzi. Anakata vizuri, ana mkono wa kushona watu. Barafu bado imeshika. Wingu limesimama upande wa Mwandoya. Kule bandani mtu anapunga kanga.

Mzee Salu anasema imetosha, nafasi ipo, awafunge ng'ombe twende. Nimemwambia asubiri kidogo. Mstari haujaisha, unashuka mpaka kwenye skrubu. Harieth ananirudishia msumeno.