Sura ya Mwisho Niliyokusomea

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi sijambo, ila vidole vinanuka gundi hata nikila. Fundi mkuu wetu bado ni yuleyule, anagombana mpaka na mkasi.

Barua yako nimeipata. Umesema matroni wa zahanati amekupatia nafasi kwenye chuo cha ukunga, jibu linatakiwa Ijumaa, na wewe utakataa. Mama atabaki na nani, umeuliza. Halafu ukaongeza, kwa utani wako, kwamba hata yule dada wa kati kwenye kitabu chetu alibaki nyumbani na hakufa. Hapo niliiweka barua chini.

Kitabu chenyewe unakikumbuka: dada watatu, mama yao, nyumba yenye paa linalovuja. Mwaka ule uliugua macho, daktari akakukataza kusoma, nikawa nakusomea kila siku baada ya kuosha vyombo. Kasuku, kitinda mimba wetu, alidakia kila sentensi mpaka tukamtoa nje. Wewe ulimchagua dada wa kati tangu siku ya kwanza. Ulisema, huyu ni mimi.

Basi wiki iliyopita kitabu hichohicho, nakala nyingine, kililetwa hapa kiwandani kujalidiwa upya, na sura ya mwisho imo. Niliisoma nimesimama, gundi inakauka kwenye brashi. Dada wa kati habaki. Anafunga mzigo wake, anamuaga mama yake, anaenda kusomea kazi aliyoitaka. Anayebaki ni yule mkubwa.

Utasema labda nilikosea kusoma. Sikukosea. Macho yako yalipopona ulikitafuta kitabu, ukakuta sura ya mwisho haipo, na Kasuku akachapwa, eti kaiwashia jiko. Alilia akiapa hajaigusa. Masikini, alikuwa anasema kweli. Kurasa zile nilizichana mimi. Nilikuwa nimeshaitwa kazini huku, na nilijua mmoja wetu lazima abaki na mama. Sikutaka niwe mimi. Kwa hiyo tulipofika sura ile nilikutungia nyingine papo hapo, wewe umelala na kitambaa machoni, unatabasamu. Ukanishukuru. Ulisema umependa mwisho wake. Ni miaka tisa sasa, na bado naona aibu, mdogo wangu, aibu kubwa.

Msamaha tutauzungumza baadaye. Kabla ya Ijumaa una kazi nyingine. Mwambie matroni ndiyo. Mimi nimeshaaga hapa. Fundi mkuu amenuna siku mbili, kisha akanipa mkasi wake wa zamani. Nitafika Alhamisi na basi la asubuhi, na godoro langu, kukaa.

Sura yenyewe nimeinakili kwa mkono, imo humu kwenye bahasha. Isome mwenyewe. Safari hii sijaongeza hata neno.

Mama msalimie sana, lakini haya usimwambie. Nitamwambia kwa mdomo wangu. Naye Kasuku huko mjini mwambie aje Alhamisi, nina neno naye. Adakie anavyotaka, sitamtoa nje.

Akupendaye,
Dada yako mkubwa