Ng'ombe Aliyesingiziwa

Ganako, Karatu. Jumamosi. Ukungu haujainuka tangu asubuhi.

Wasomaji wa blogu hii, niwieni radhi kwa kimya changu. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na la kuandika ambalo si uongo.

Leo kanisani niliwafundisha mabinti kuhusu saratani ya matiti inayoandama ukoo. Niliwataka waulizie pande zote mbili, kwa kuwa hata baba asiyeugua huweza kumrithisha bintiye hatari hiyo. Kuirithi hatari si kuugua; ila daktari aelezwe mapema, apange namna ya kuwachunguza.

Neema, binti wa mdogo wangu Daudi, akanyoosha mkono.

"Shangazi, kwetu yupo aliyeugua?"

Mama wa kijana anayemposa alikuwa ameketi benchi la nyuma. Nikajibu kwamba kila mmoja akaulize nyumbani kwake. Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi aliyekwepa swali namna hiyo nilimpa sifuri.

Aliyeugua ni mimi. Titi langu la kushoto lilikatwa. Mama yetu na dada yetu walikufa kwa saratani hiyohiyo.

Lakini kwetu, kabla ya posa kukubaliwa, wazee wa upande wa mume huchunguza magonjwa ya ukoo. Walipokuja, Daudi aliwaambia kwamba titi nililipoteza kwa kupigwa pembe na ng'ombe. Wakanipa pole. Mmoja akauliza kama ng'ombe huyo tulimchinja.

Jioni nilimfuata Daudi zizini. Nilimkumbusha kwamba daktari aliyenitibu aliagiza binti zake waelezwe.

"Dada, mimi nina matiti? Nitarithishaje nisichokuwa nacho?" Akacheka, kisha akaacha. "Ngoja aolewe kwanza. Ukisema sasa watarudi kwao, na wadogo zake hakuna atakayewaposa."

Angekuwa mtu mbaya, ningemshinda. Anawapenda wanawe, na hilo ndilo linalonifunga. Nikisema, navunja ndoa ya Neema. Nikinyamaza, huenda nikamzika.

Muda mfupi uliopita Neema ameniletea maziwa. Ameyaweka mezani, akasimama mlangoni.

"Shangazi, ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani?"

Nimesema nimesahau. Akaniangalia, akaenda zake.

Maandishi haya nayahifadhi bila kuyachapisha. Sijaamua. Siku mtakapoyasoma hapa, fahamuni kwamba Neema ameyasikia kwanza kinywani mwangu.