Siku Mkwe Wangu Alipopelekwa Kitale

Kwa Nelima,
S.L.P. 41,
Bumula, Bungoma.
9 Machi 1986

Mpendwa mdogo wangu Namalwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Je, hujambo? Shemeji yangu hajambo? Na lile goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi, au joto la Mombasa limeliponya? Sisi huku hatujambo. Mvua bado, vumbi tunalo la kugawa, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume tena, kama kawaida yake ya kunikatisha tamaa.

Najua umekasirikia kimya changu. Usikasirike. Kaa chini kwanza, na kama una kitu jikoni kiepue, maana habari hii ni ndefu na ukianza kucheka utaunguza.

Unamkumbuka Wepukhulu, aliyemwoa Nasimiyu wangu, yule kijana wa Kamukuywa anayefanya kazi kwenye kinu cha unga kule Nakuru. Unakumbuka pia kwamba mimba yao ya kwanza iliharibika, na jinsi mtoto wangu alivyokaa mwaka mzima bila kucheka. Basi, alishika nyingine. Mimba ilipofika mwezi wa nane nikasema huyu hatazalia huko peke yake kati ya watu asiowajua. Nitaenda kumchukua mwenyewe, azalie karibu na mimi. Daktari akakubali, ila akakataza barabara. Ati mashimo. Apande treni, treni hairuki.

Ni kweli hairuki. Ili uruke lazima kwanza uende.

Tuliambiwa itapita Nakuru jioni. Tukaenda stesheni, tukakaa juu ya mizigo, tukalala juu ya mizigo, na ilipokuja jua lilikuwa limeshapanda. Mtu wa stesheni akatuambia kwa furaha kwamba leo imejitahidi.

Lakini balaa langu halikuwa hilo. Balaa ni kwamba Wepukhulu alipata ruhusa kazini dakika ya mwisho, akaja kumsindikiza mkewe. Mimi na mkwe wangu ndani ya behewa moja, Namalwa! Umekaa pwani siku nyingi lakini hujasahau mambo ya kwetu: mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Nyumbani ni rahisi. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea kwa mlango wa jikoni. Sasa niambie, treni ina mlango wa jikoni?

Kijana ana adabu, sikatai. Alisimama upande ule wa nguzo ya stesheni, mimi upande huu nimejifunika leso mpaka puani, na Nasimiyu na tumbo lake katikati anatupelekea maneno. "Mama anasema ushike kikapu." "Mama, anasema ameshika." Treni ilipofika, akakimbilia behewa la mwisho kabisa ili tusikutane. Akaenda na tiketi zetu zote, na mfuko wa nguo za mtoto, na chakula. Sisi tukabaki na heshima.

Njia hii inagawanyika Leseru. Mabehewa ya mbele yanakuja Bungoma, ya nyuma yanafungwa kichwa kingine cha treni na kupelekwa Kitale. Mimi sikujua, na yeye hakujua. Treni ikasimama pale muda mrefu, nikashuka kunyoosha miguu. Nikatembea kuelekea nyuma, na nani namwona dirishani? Mkwe wangu, kichwa chote nje, anatafuta mtu wa kumuuliza jambo. Nikageuka haraka nikampa mgongo, kama inavyotakiwa. Naye aliponiona akajificha chini ya kiti, kama inavyotakiwa. Nikasimama hapo na heshima zangu zote, naye amejikunja pale na heshima zake zote, na behewa likaondoka naye polepole kwenda Kitale. Honi niliisikia. Ningegeukaje?

Treni yetu nayo ilipoondoka, akaja mkaguzi, mtu mrefu anaitwa Kipketer. Tiketi? Nikamwambia ziko na mkwe wangu, behewa la mwisho. Akanitazama kwa huruma. "Mama, behewa la mwisho ni hili." Nikafoka. Nikamuuliza ni reli gani hii inayoiba wakwe za watu. Bado nafoka hivyo, Nasimiyu akanishika mkono, akaubana sana, na uso wake nikaujua. Mtoto alikuwa ameamua kuja.

Na treni ikachagua saa hiyo hiyo. Tulikuwa tumepita Turbo, mashamba matupu pande zote, ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Kipketer akashuka kutazama kichwa, akarudi, akakaa, akavua kofia. Mambo ya tiketi hakuyataja tena.

Mungu hakutuacha. Kulikuwa na mama mmoja wa Cheptais, Chepkorir, amebeba kuku wawili. Alifukuza wanaume wote, akafunga leso mlangoni, akamkanda mtoto wangu mgongo huku akiwagombeza kuku kwa Kisabaoti. Lakini baada ya muda aliniita kando, akaninong'oneza kwamba mtoto amekaa vibaya, hapa si mahali pake, huyu atafutiwe hospitali. Hospitali, na sisi tuko porini! Namalwa, niliogopa. Sitakuficha. Niliona ule mwaka wa kutocheka unarudi. Nilipiga magoti kati ya viti nikaomba, na sikuomba kwa upole.

Ndipo tukasikia trekta.

Sikiliza sasa. Siku hiyo treni ya Kitale, ambayo kila mtu huisema vibaya, ilikimbia kama imeibwa. Wepukhulu alishuka Kitale, akapata lori la maziwa, akapita nalo mpaka kwao Kamukuywa bila kushuka, akafika Webuye, akauliza kama treni ya Bungoma imeshapita. Wakamcheka. Akaomba trekta na tela kwa mtu, wakafuata reli wakirudi nyuma kututafuta. Kijana alizunguka nusu ya dunia, na bado alitukuta tumekaa. Kama treni ingetembea vizuri asingetupata kamwe, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeishukuru kwa kuharibika.

Porini hakuna jukwaa, na mlango wa treni uko juu. Nasimiyu aliteremshwa na Kipketer na mumewe taratibu, akalazwa kwenye tela juu ya magunia. Nikabaki mimi. Wepukhulu akasimama chini, mikono ameitandaza, uso ameugeuzia Uganda. Alitaka kunidaka bila kuniona, bana! Na mwili wangu unaujua. Nikasitasita, na hapo nikasikia mtoto wangu analia kwenye tela. Nikaruka.

Nilimwangukia mzimamzima. Tulilala kwenye kokoto, mimi juu, mkwe chini, leso imeruka huko. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Wepukhulu! Inuka, twende!" Kwa jina lake, na macho yangu ndani ya macho yake. Akasema, "Ndiyo, mama." Treni nzima ikapiga makofi. Njia yote hatukuwa na mkwe wala mama mkwe kwenye tela lile. Mimi nilishika mkono mmoja wa Nasimiyu, yeye mwingine, na tulilia wote bila aibu.

Walimpasua tulipofika hospitali tu. Ni msichana! Mama yake ni mzima, yuko hapa kwangu anapona, na juzi amecheka mpaka akashika mshono. Mtoto tumemwita Nangila, jina letu la watoto wa njiani, maana yaliyompata ni ya njiani.

Wazee waliitwa kuamua jambo langu. Walibishana mchana kutwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia mama mkwe aliyeruka. Mmoja alitaka kujua kama kuangukia ni sawa na kupeana mkono. Mwishowe wakala mbuzi, wakasema turudie heshima zetu, na tumerudia.

Ubatizo ni baada ya Pasaka, njoo. Ukiamua kuja kwa treni, toka nyumbani leo. Msalimie sana shemeji na watoto, na Sellah jirani yako, mwambie dagaa zake zilifika. Mungu awalinde mkitoka na mkiingia.

Mkwe wangu alikuja jana. Nilitokea kwa mlango wa jikoni, sikumtazama hata kisigino. Lakini Nangila, mdogo wangu, paji la uso, masikio, kidevu, ni Wepukhulu mtupu. Nimempakata hapa ninapokuandikia, namtazama usoni, na hakuna mzee wa kunikataza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,
Nelima