Kitambaa Nisichokifunga Getini

Mpendwa Ami,

Naogopa. Naanza hivyo hivyo bila ya salamu ndefu, maana wewe ulinijua: nikizidisha "vipi hali, vipi hali," basi nina langu nalificha. Toka Jumapili naendesha basi akili haipo. Juzi nimeipita na basi stendi nzima ya Lewisham, abiria wanabonyeza kengele wanapiga kelele, mimi nimekodoa macho mbele tu.

Jumapili ndiyo siku aliponiita mkeo, Bi Zuwena, nyumbani kwenu Croydon. Arobaini yako imeshapita, bunduki yako imeshakwenda kwa muuzaji kama sheria inavyotaka. Ulibaki ule mkoba wa turubai wa kuwindia. "Uchukue," akanambia, "mimi unaninukia njiwa." Nikacheka. Nikaufungua pale pale kwenye kochi lako. Nitakwambia nilichokikuta, lakini wacha kwanza nizunguke kidogo, moyo bado haujawa tayari.

Unaikumbuka siku ya mwanzo uliyonipeleka Kenti, shambani kwa Bi Margaret? Mimi nilidhani tunakwenda kupiga njiwa. Kumbe tunakwenda kupiga hodi. Ulimchukulia sahani ya vitumbua, ukavua viatu vya matope, ukasimama mlangoni na soksi kama bwana harusi anayeogopa wakwe. Ukamuuliza kama ataridhia mtoto wa kaka yako aingie kwenye njegere zake. Bibi wa watu akanitazama juu mpaka chini. Akasema sawa, lakini mimi ni mgeni wako, na likitokea la kutokea utaulizwa wewe.

Njiani kurudi ukanisomesha mpaka masikio yakaniuma. Ruhusa ni yako, si yangu. Siendi mpaka nikuarifu. Simleti mtu. Maganda ya risasi nayaokota yote, ng'ombe wasije wakayala. Na kabla sijatia mguu ndani, nafunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya geti, ili atakayekuja nyuma yangu ajue kuna mtu na bunduki.

"Kwetu ukialikwa pilau unakwenda na rafiki yako, na sahani inatosha," ulinambia. "Huku si hivyo. Ruhusa ya mtu haigawiwi."

Mwengine aliyekuwa na ruhusa pale ni Colin, yule fundi wa mabomba. Yeye Jumamosi, wewe Jumapili. Yarabi, mlivyokuwa mkigombana! Mara kakaa kwenye kona yako, mara umewashtua njiwa wake. Mlinuniana msimu mzima kwa ajili ya mti mmoja. Lakini siku yake hukuigusa, wala yeye hakuigusa yako.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilishajitapa gerejini kwamba nina shamba la kuwindia, na Hamadi, dereva mwenzangu, akawa hanipi nafasi: "Lini utanichukua na mimi nikaone?" Nikaona haya kumwambia siruhusiwi. Nitamnyima mwenzangu kitu nilichokaribishwa? Basi nikamchukua siku ya Jumatano, siku isiyokuwa ya mtu. Sikukuarifu. Gari nikaliacha njia ya chini. Na kitambaa sikukifunga, maana kingenisema.

Njiwa akaja chini chini juu ya ua wa miba. Nikapiga. Njiwa akaenda zake. Nyuma ya ua ikatoka sauti: "Lahaula! Nani huyo?"

Kwa Kiswahili, Ami. Kule Kenti, penye kondoo na mvua! Neno la kukujibu lilikuwa moja tu, "mimi," na sikulisema. Nilimshika Hamadi mkono, tukainama, tukakimbia mpaka garini. Sikwenda kutazama kama umeumia. Wallahi hilo ndilo linalonitisha kuliko yote mpaka leo, kwamba ungeweza kuwa umelala pale.

Nilikuja kwenu jioni ile. Uko mezani, mzima, una plasta kwenye sikio. Ukanambia Bi Margaret alikupigia simu asubuhi uende, njiwa wanammaliza njegere zake, na marisau, zile chembe za risasi, yamekupita hapa, ukaonesha kwa kidole. Kisha ukasema, "Atakuwa Colin. Gari lake lilikuwa uani kwa Bi Margaret, alikuja kutengeneza bomba." Ukanikazia macho. "Au wewe unaonaje?"

Nikasema, "Yule hana adabu."

Ukaniongeza chai.

Colin aliapa sana kwamba si yeye, Bi Margaret hakumsikiliza, akamnyang'anya ruhusa. Jumapili iliyofuata tulimkuta getini anapakia njiwa wake wa plastiki wa kutegea, macho mekundu. "Hapa ndipo baba yangu aliponifundisha kulenga," akatwambia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wewe ulitazama shamba. Na toka siku ile hukunichukua tena. Kila nikiuliza, mara goti linakuuma, mara mvua.

Sasa nilichokikuta. Kwenye mfuko wa ndani wa mkoba kilikuwemo kile kitambaa chako chekundu kimekunjwa, na ndani ya kitambaa ganda moja la risasi. La manjano. Maganda yako mekundu, ya Colin mekundu, mna bunduki kubwa nyote. Ile ndogo yenye maganda ya manjano, shamba lile anayo mtu mmoja tu.

Uliliokota siku ile ile. Ulikuwa nalo mfukoni uliponiuliza naonaje. Ulinifungulia mlango, Ami, na mimi nikaufunga, na wewe ukaniachia nikaufunga. Ulikhofia leseni yangu ya bunduki? Ulikhofia jina letu kwa yule bibi? Nashindwa kujua nikushukuru au nikugombeze. Umeniachia mkoba, na kilichomo ndani kinaniunguza.

Jumatatu Bi Margaret kanipigia simu. Kakulilia, kisha kasema ruhusa yako sasa ni yangu. "Tafuta mtu muaminifu mgawane siku," akanambia, "ila asiwe kama yule Colin." Nikajibu ahsante. Ahsante, Ami!

Jana nimempata Colin kwa simu. Nilimwambia nina jambo la kumwambia mbele ya Bi Margaret. Akasema, "Jumapili saa nne, getini."

Kesho ndiyo Jumapili. Naogopa atakavyonitazama. Naogopa leseni, naogopa polisi, naogopa Bi Zuwena atakaposikia kuwa na wewe ulijua. Nisamehe kwa hilo, siwezi kulisema langu nikalificha lako. Bunduki siichukui. Nachukua lile ganda, sahani ya vitumbua na kile kitambaa chako. Nitakifunga kwenye nguzo kabla hawajafika, na wakiuliza nani huyo, nitajibu.

Mimi,
mtoto wa kaka yako