Uraka wa Pipa la Bluu

Jumamosi, 12 Oktoba
Kilabuni kwa mdogo wangu, Mama Anjela, kama kila Jumamosi. Pombe ya mtama bado changa. Kangara imezidi sukari. Uraka, pombe ya mabibo ya korosho, wa kwanza msimu huu, mtamu halafu unakereketa koo. Huo ndio.

Hapa Lupaso mpika pombe hunywa funda la kwanza mbele ya wateja, waone ni salama, ndipo awagawie. Tangu zahanati wamkataze Mama Anjela kwa ajili ya ini, namwonjea mimi. Watu wananisifia ulimi. Nami najisifia zaidi yao.

Mabibo ni mengi, anataka pipa jingine. Ninalo.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimempelekea pipa la bluu. Ndilo nililochanganyia dawa ya kuua wadudu wa mikorosho mwezi wa saba. Nimelisugua kwa jivu na mchanga mara tatu. Nimenusa, halinuki. Hakuniuliza lilikuwa la nini. Sikumwambia.

Ijumaa, 18 Oktoba
Mafua. Chai na maji ya moto naona sawasawa.

Jumamosi, 19 Oktoba
Nimekwenda hivyo hivyo. Nani mwingine aonje? Uraka wa pipa la bluu. Funda moja. Sikusikia utamu wala ukali, ulimi uliwasha kidogo tu. Watu wamesimama na vikombe vyao wananitazama. Nikasema umeiva.

Nimerudi nyumbani mapema, kichwa kinauma. Rafiki yangu Baba Neema alinicheka, eti nimezeeka. Alikuwa kwenye kikombe cha pili.

Jumapili, 20 Oktoba
Waliokunywa uraka wanatapika tangu alfajiri. Jasho, mate, miguu inatetemeka. Tumewapakia kwenye pikipiki na gari la korosho, kwenda hospitali Masasi. Mimi tumbo linanikata, basi. Baba Neema amefia njiani, tulipopita Lisekese. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

Ni lile pipa. Najua.

Jumanne, 22 Oktoba
Tumemzika. Makaburini watu hawakunong'ona, walisema wazi: Mama Anjela hakuonja pombe yake mwenyewe, kwa hiyo alijua. Habari za ini wamezisahau wote. Polisi wamemchukua kabla hatujanawa mikono. Alinitazama. Mimi nikatazama jembe.

Mwoga. Sina jina jingine la kujiita.

Alhamisi, 24 Oktoba
Nimempelekea ugali na kisamvu kituoni. Amekonda kwa siku mbili. Hakugusa chakula. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kaka, lile pipa lilikuwa na nini?"

Nikamwambia, "Maji."

Naliandika neno hilo hapa ili nilione. Nimemwambia maji.

Ijumaa, 25 Oktoba
Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha mafua, kifo kikaenda kwa mwingine.

Nimetembea hadi kituoni asubuhi kwa miguu, nisije nikapanda pikipiki nikamwambia kijana ageuze. Nilimkuta askari anakunywa chai. Nikasema, "Pipa ni langu. Lilikuwa la dawa ya mikorosho. Na siku ile nilionja nikiwa na mafua, sikusikia kitu." Akaniambia nirudie polepole, aandike. Kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema.

Mama Anjela ametoka jioni. Amepita mbele yangu akitazama mlango. Ana haki. Mimi nimebaki mahabusu, na daftari hili.

Jumamosi, 9 Novemba
Nyumbani kwa dhamana tangu jana. Kesi itaitwa. Kilabu kimefungwa, vyungu vimepinduliwa uani. Mama Anjela amenitumia muhogo kwa mkono wa mwanawe. Yeye hajaja.

Jumapili, 10 Novemba
Nimekwenda kwa Mama Neema, mjane. Peke yangu, nimevaa shati lile nililozikia. Nilipiga hodi, akanikaribisha, akaniwekea kigoda. Nikasema niliyokwenda kusema. Hakulia. Alisikiliza akichambua kunde, na nilipomaliza aliinuka akaingia ndani.

Akatoka na kikombe cha maji. Kabla ya kunipa akanywa funda moja mbele yangu, akameza, akasubiri kidogo. Kisha akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu maji, Baba Stela."

Nikanywa yote. Akachukua kikombe, akarudi kwenye kunde zake.

Njiani mabibo yamejaa chini ya mikorosho. Hakuna anayeokota.